Chupa kupasuka kabla ya wakati: chanzo hasa ni nini?

MamaNjiti:
Wapendwa, poleni na majukumu. Mwaka jana nilijifungua njiti, mimba ikiwa na wiki 31. Sikuanguka, sikuwa na uchungu. Niliinuka kitandani maji yakanimwagika, nikadhani mkojo umenitoka, ila kila nikijibana hayakatiki. Mtoto ni mzima, ananyonya kama ananidai.

Kinachonikera ni maneno. Mama mkwe anasema nilibeba ndoo. Wifi yangu anasema ni tendo la ndoa. Kwenye kadi wameandika "chupa kupasuka mapema", yaani mfuko wa maji unaomzunguka mtoto, basi. Natamani kubeba tena. Husababishwa na nini? Na je, itajirudia?

Mapacha2:
Pole shoga. Mimi nilibeba mapacha na maji yalikuwa mengi kupita kiasi, daktari akasema utando ulivutwa ukachoka. Ila wewe ulikuwa na mmoja, sijui.

BibiMkunga:
Mwanangu, nimezalisha hadi nimestaafu, na hayo ya ndoo nimeyasikia wodini kila mwaka. Pigo kali la tumboni linaweza kupasua chupa, na vipimo vya kuingiza sindano kwenye mfuko wa mimba pia, mara chache. Ndoo, hapana. Tendo la ndoa nalo halijathibitishwa kuwa chanzo.

Anayeshukiwa zaidi ni maambukizi. Ile chupa ni ngozi mbili zilizoshikamana, na uimara wake unatokana na protini iitwayo kolajeni. Vijidudu vikipanda kutoka ukeni kupitia shingo ya kizazi, mwili unapigana navyo, na katika vita hiyo hutoka vimeng'enya vinavyoila kolajeni. Ngozi inalainika taratibu, mama hana homa wala hasikii chochote, hadi siku inapoachia. Huenda ndiyo maana yako ilipasuka ukiwa unainuka tu. Kisonono, klamidia, bakteria wa ukeni waliozidi na UTI vyote vimo humo.

Vingine ni shingo ya kizazi kuwa fupi au iliyowahi kukatwa kwa matibabu, kutoka damu miezi ya mwanzo au ya kati, sigara, na lishe duni. Na wapo wengi ambao tunatafuta chanzo tusikione. Hao ndio hubebeshwa lawama za ndoo.

Kuhusu kujirudia: aliyepasukiwa mapema ana hatari kubwa kuliko asiyewahi, lakini wengi mimba inayofuata hufika salama.

MamaNjiti:
Asante bibi, umenitua mzigo. Sasa nakumbuka, miezi ya katikati nilikuwa na uchafu unaonuka kama samaki. Nikasema kliniki, nikajibiwa ni kawaida ya mimba.

BibiMkunga:
Ute mweupe usio na harufu ndio kawaida. Harufu ya samaki ilipaswa kupimwa. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichokupasua, lakini usibebe tena kabla ya kupima mkojo na uke. Ikionekana kisonono au klamidia, baba naye ameze dawa, la sivyo mtarudishiana. Na usikimbilie. Shirika la Afya Duniani linashauri miezi 24 kutoka kujifungua hadi kubeba tena.

Ukibeba, siku ya kwanza kliniki sema wazi yaliyokupata. Omba shingo ya kizazi ipimwe kwa altrasaundi kati ya wiki 16 na 24. Ikiwa chini ya milimita 25, kuna dawa ya projesteroni, homoni inayotunza mimba, na wengine hushonwa shingo hiyo.

Mapacha2:
Bibi, na maji yakitoka tena afanyeje? Mimi nilikaa nyumbani nikisubiri uchungu.

BibiMkunga:
Wengi hufanya hivyo. Avae pedi safi, asiingize kitu chochote ukeni, aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama maji ni ya matone. Pedi asiitupe, rangi na harufu yake vinatuambia mengi. Pale huangaliwa kwa kifaa cha kufungulia uke. Vidole viepukwe kama uchungu haujaanza, kwa sababu vinasukuma vijidudu juu. Mimba ikiwa changa kama ile ya wiki 31, hupewa antibayotiki na sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na kila saa tunayoipata kabla ya uchungu ina faida. Homa, maji ya kijani au yanayonuka, mtoto kupunguza kucheza, hapo hatusubiri tena.

MamaNjiti:
Nimeyanakili yote. Ya ndoo nitamsomea mama mkwe mwenyewe.