Semax, pirasetamu, modafinili ao kahawa: mbele ya sesio tuchague gani?

Mwana_Kasapa (Lubumbashi)

Jambo ba yaya na ba ndugu. Niko ku iniversite, ku Kasapa, mwaka ya mwisho, memware haijaisha na sesio ya egzameni inakaribia. Mu grupu yetu ya WhatsApp kuko mutu anauzisha kitu banaita Semax, anasema inatokea Dubai. Nilikamata kachupa kenyewe mu mukono: ka kioo, urefu wa kidole, mufuniko ya alimini, ndani unga mweupe umeshikamana pale chini, na ku etiketi bameandika kwa Kiingereza eti ni ya utafiti tu, haina ya kutumia ku mutu. Nikamuuliza, akasema ile ni maandishi ya kupitisha dwani. Unachanganya na maji ya shindano, unatia mu pua ao unajipiga shindano, basi kichwa inafunguka. Bei yake inapita loyer ya chumba yangu.

Sasa kuko pia pirasetamu, ile iko mu farmasi, kuko Noopept, kuko modafinili, na kuko kahawa ya siku zote. Mwenye anajua anisaidie kulinganisha. Musiniambie tu eti nisome, kusoma ninasoma, shida yangu nasoma kurasa makumi jioni, asubui yote imeenda.

Fundi_wa_Labo (Lubumbashi)

Mudogo, tuanze na kujua kitu yenyewe. Semax ni peptidi, ni kusema kamunyororo kafupi ka amino asidi, saba tu. Barusi njo baliitengeneza, pa Moscow, ku Institute ya jenetiki ya molekuli, mu miaka ya 1980. Balitwaa kipande cha ACTH, ile homoni inatokaka ku kichwa na kuamuru tezi za juu ya mafigo, bakabakisha amino asidi ya 4 mupaka ya 7, kisha bakaunga ku mukia prolini, glisini na prolini, juu kile kipande peke yake mwili unakikatakata mbio sana. Kwa vile haifanye tena kazi ya homoni lakini ku ubongo bado inagusa. Na haimezwake, tumbo itaimaliza yote, njo maana inapitia pua.

Ku Urusi ni dawa ya kweli, haina ya kificho: matone ya 0.1% na ya 1%, ile ya 1% ni ya mugonjwa mwenye mushipa ya ubongo imezibwa na damu. Mu 2011 serikali yabo iliitia mu liste ya dawa za lazima. Lakini FDA, ofisi ya Marekani yenye kuruhusu dawa, haijaikubali, na Ulaya pia hapana, na utafiti mwingi ni wa kule kule Urusi.

Mu bapanya bameona inapandisha BDNF mu hipokampa, ile protini inasaidiaka seli za ubongo kuishi na kuungana, na hipokampa njo fasi ya kumbukumbu, kwa hiyo batu banaipendeaka pale. Sasa ku batu bazima, utakuta kidogo sana. Moja ya 2018 ilikuwa na batu 24 tu, bakabapiga picha ya ubongo mu MRI, bakaona namna fasi za ubongo zinaongea kati yazo inabadilika. Picha kubadilika haitaki kusema utakumbuka anatomia asubui.

Mwana_Kasapa

Asante yaya. Lakini kama inasaidia ubongo yenye imeumia, yangu yenye iko muzima si itapanda zaidi?

Mama_Farmasi (Bukavu)

Hapana mwanangu, tusichanganye hiyo. Mutu amevunjika mguu tunamufunga gipsi, mwenye mguu muzima ukimufunga gipsi hatakimbia mbio kupita jana. Dawa ya kurudisha kitu kimepotea haiko lazima iongeze kwa mwenye hajapoteza, inatakiwa ipimwe kwake mwenyewe, na kwa Semax hicho kipimo kwa wanafunzi wazima hakijafanywa vya kutosha.

Lakini kitu kinaniuma zaidi ni ile kachupa. Mnalinganisha Semax na pirasetamu kama vile kachupa kale ndio Semax ya Moscow, na hapana, ni unga ambao mtu fulani ameandika jina juu yake. Muuzaji atakuonyesha sertifika, atakuambia usafi 99 kwa 100. Uliza kwanza ile sertifika ni ya loti gani, ni kusema kundi gani la kutengenezwa pamoja, angalia namba yake na namba ya kachupa kama ni moja. Halafu ujue ile 99 inasema nini: inasema kati ya peptidi zenye ziko ndani, ngapi ni ile wanataka. Haisemi kama hakuna mikrobi, haisemi kama hakuna sumu ya bakteria zenye zimekufa, ile inaitwa endotoksini, na hiyo ikiingia mu mwili kwa shindano unaweza pata homa kali na tansio kushuka. Unga unaweza kuwa safi kwa kemia na ukuue kwa shindano. Etiketi imekuambia ukweli, muuzaji ndio anakudanganya.

Tena Semax inaanza na metionini, ni amino asidi yenye inaharibikaka na hewa. Ikiwa unga mukavu inavumilia, ukishatia maji inataka frigo, digri 2 mpaka 8, kila siku. Sasa niambieni wenyewe, nani hapa ako na frigo yenye haizimike? Hapa kwetu Bukavu umeme unaenda asubui unarudi usiku, na mimi kwa insulini tu ninahangaikaka na barafu na termos. Juni kule kwenu Lubumbashi kuko baridi, sawa, lakini koli imepita Dubai mu Juni, imelala fasi gani, mu joto gani, hakuna mwenye atakuambia. Na ikiharibika haibadilike rangi, haitoe harufu.

Kodeur_Katuba (Lubumbashi)

Mama heshima, juu ya kachupa niko na weye. Lakini musitupe yote mu kapu moja. Modafinili mi nimeona inafanya kazi. Ninaandikaka programu usiku kwa mteja wa inje, usiku njo umeme inakuwaka muzuri, na ukimeza ile asubui hausikii usingizi, unakaa pa mashini masaa na masaa na hausumbuke na simu. Na haiombe frigo, ni kinini. Ilitoka Ufaransa, dawa ya batu banalalaka gafula muchana, na kuko wanazuoni wa Oxford mu 2015 balikusanya utafiti ku batu bazima bakakuta inasaidia, zaidi mu kazi ngumu za kupanga na kuamua. Ukilinganisha na Semax, modafinili iko mbele mbali kwa ushahidi, tuseme ukweli.

Mama_Farmasi

Ni kweli kwa ushahidi iko mbele, sikatae, na ile ya 2015 ninaijua. Lakini soma vizuri: kuamua na kupanga ndiyo, kumbukumbu hapana sana, na mtoto wetu analalamika kumbukumbu. Mu 2010 shirika la dawa la Ulaya lilikata matumizi yake libakishe narkolepsia tu, ule ugonjwa wa kulala gafula muchana, juu ya mambo ya akili na ngozi: kuko watu wachache sana wanapata vipele vyenye vinageuka ngozi kubanduka, mpaka mu kinywa na macho, na hiyo inaua. Ukiona kipele tu unaacha siku ile ile, unaenda hospitali.

Na mabinti mwenye kusoma hapa, hii hakuna mwenye anawaambia: modafinili inapunguza nguvu ya vidonge vya kuzuia mimba, na hiyo inaendelea mwezi moja mpaka miwili kisha kuiacha. Nimeona wanafunzi wanapeana kidonge kimoja kimoja mu auditware bila karatasi ya maelezo, hii habari inapotelea pale. Na kulala je? Kinini cha asubui bado kiko mu damu usiku.

Kodeur_Katuba

Ile ya ba dada sikujua kabisa mama. Nitapeleka mu grupu yetu leo.

Dada_Ruashi (Lubumbashi)

Na pirasetamu? Ku nyumba tata alikuwa anapewaka kisha ugonjwa yake, binini bikubwa vyeupe. Iko rahisi na iko mu farmasi yote, mi naona kama ni lazima kujaribu, heri ile kuliko unga.

Fundi_wa_Labo

Dada, pirasetamu njo muzee wa hii familia yote. Corneliu Giurgea aliitengeneza mu 1964 ku kampuni UCB kule Ubelgiji, na ni yeye mu 1972 alitoa jina nootropiki. Ubaya yake ni kidogo, haina sumu sana, lakini inatokeaka mu mafigo kwa hiyo mwenye mafigo mabaya aiache. Sasa ku faida: hata kwa bazee benye kupoteza akili, batu ba Cochrane, grupu ya wanazuoni yenye kukusanya na kupima utafiti wa dawa, balipochungula utafiti wote hawakukuta ushahidi wa kutosha wa kuipendekeza. Ulaya bado banaitumiaka kwa ugonjwa moja ya kutetemeka kwa misuli, ile inatoka ku ubongo. Kwa mwanafunzi muzima utalipa, hautaumia sana, na hautaona kitu kikubwa.

Noopept nayo banaiitaka peptidi lakini ni kamolekuli kadogo, mufano wa amino asidi mbili tu, ya Moscow pia, miaka ya 1990. Kinini ya 10 mg, haiulize frigo. Ku batu bazima sijaona kitu cha kushika.

Mukongomani_wa_Baridi (Lubumbashi, Bel-Air)

Mi nilisomea Urusi, Semax ile ya farmasi nilitumia, ya 0.1%, kachupa ka 3 ml na kadropa yake, imekaa mu frigo tangu kiwanda. Nasema vile ilikuwa. Macho wazi, kichwa haizungukezunguke kwa masaa machache, pua inawaka kidogo. Kukumbuka zaidi? Siwezi kuapa, juu mu ile sesio nilikuwa pia nimeacha bia na nilikuwa nalala mapema, sasa nani anajua ni nini ilifanya kazi. Benye kuogopa egzameni kule banapewaka Selank, ni peptidi ndugu yake, ile ni ya kutuliza wasiwasi.

Lakini mudogo, ile na ya Dubai haina kitu kimoja. Ile niliyonunua ilikuwa na karatasi ya maelezo, na namba ya loti, na kama kuko shida kuko fasi ya kushitaki. Na sikuona mutu kule anajipiga shindano ya Semax. Ile ya shindano naisikia tu kwa ba muuzishaji.

Dada_Ruashi

Na Cerebrolysin? Ile nimeona ba infirmier banapiga.

Mama_Farmasi

Ile ya Austria, inatoka mu ubongo wa nguruwe, peptidi nyingi zimechanganywa, ni ya hospitali. Hata mu hospitali Cochrane walipoangalia kwa wagonjwa wa strok hawakukuta inapunguza vifo, na madhara makubwa yasiyo ya kuua yalionekana kuongezeka. Kwa mwanafunzi hapana, hapana kabisa.

Mwalimu_Kamalondo (Lubumbashi)

Nimesoma yote toka juu na naona tumelinganisha dawa lakini hakuna mwenye amemuuliza mutoto anasomaka namna gani. Mwana, wewe ulisema unasoma makumi ya kurasa jioni na asubui zimeenda. Nauliza: unapofunga silabusi, unaandika kitu bila kuangalia? Ao unarudilia kusoma tena na tena na kupiga mistari ya rangi?

Nauliza juu hii kitu ilipimwa, na ilipimwa ku banafunzi bazima, haina ku bapanya wala ku bagonjwa. Mu 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke balibapa banafunzi maandishi mafupi. Bamoja balisoma mara mbili. Bengine balisoma mara moja kisha bakafunga na kuandika yote yenye bakumbuka. Kisha dakika tano, ba kusoma mara mbili balikuwa mbele kidogo. Kisha wiki moja ikageuka: ba kuandika balibakia na 56 kwa 100, ba kusoma tena 42. Ona vile: siku ile ile unasikia unajua kwa sababu umetoka kusoma, na ile kusikia njo inakudanganya mupaka siku ya egzameni. Nioneshe peptidi gani imetoa tofauti ya vile ku banafunzi.

Na kulala. Yenye umesoma leo ubongo unaipanga usiku, mu usingizi. Naona banafunzi mu Kamalondo banakesha mbele ya egzameni na mishumaa na musiki, na asubui anakuja macho mekundu, mutu mwenye akili sana, anasoma ulizo na hailewe. Inaniuma kweli. Tena kama unachoka bila sababu, enda upime malaria na damu, mwenye chuma kidogo mu damu kichwa yake inalegea, na kwa mabinti iko mingi. Ile kipimo inalipiwa bei ndogo kupita kachupa.

Mwana_Kasapa

Mwalimu, ni vile kabisa, ninasomaka tena na tena na rangi ya njano. Sijawahi kufunga na kuandika. Leo usiku ninaanza na kurasa za fiziolojia, nitakuja kuwaambia. Kwa kachupa, nilikuwa nataka kutoa avansi kesho, siitoe tena. Inabakia kahawa, ile sitaki kuiacha, niko na ya Kalehe mwenye shangazi alinitumia. Na kuko mutu aliniambia chai iko na kitu inatuliza.

Mama_Farmasi

Kalehe ni kwetu, kunywa kwa amani! Ndiyo, chai iko na teanini, na ikiwa pamoja na kafeini kuko utafiti mudogo unaonyesha mtu anatulia na anashika kitu vizuri kidogo, si muujiza. Kwa kahawa, mtu mukubwa asipite miligramu 400 za kafeini kwa siku, ni kama vikombe vinne vya kawaida, na kama tumbo linakuuma ao moyo unapiga haraka shuka chini ya pale. Kitu cha kuangalia ni saa: kafeini nusu yake inabakia mu damu kisha masaa karibu tano. Unalalaka saa ngapi?

Mwana_Kasapa

Mbele ilikuwa saa nane ya usiku. Sasa nataka saa ine.

Mama_Farmasi

Basi kikombe cha mwisho saa saba, saa nane ya muchana, kisha pale maji. Na usiongeze sukari mingi juu ya ile ya Kalehe.