Tupeane uzoefu: santuri zako umezipangaje?

BintiMoro: Wakuu, salaam. Marehemu baba ameniachia santuri 214, nyingi zile ndogo za mzunguko wa 45 kwa dakika. Nilianza kuzipanga kwa jina la bendi, A mpaka Z, nikakwama kwa Mbaraka Mwinshehe. Za Morogoro Jazz ziko M, za Super Volcano aliyoiunda 1973 ziko S, na sauti ni ileile, gitaa lilelile. Marijani Rajab hivyohivyo, Safari Trippers huku, Dar International kule. Niliona natenganisha ndugu wa tumbo moja. Sasa namfuata mtu kwanza, bendi baadaye. Lakini NUTA Jazz je? Ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo Msondo Ngoma. Mwenzangu unaiweka wapi?

Mtwapa45: Dada, pole kwa msiba. Mimi nafuata lebo, yaani jina la kampuni iliyoitoa, na nambari yake: Polydor peke yake, AIT peke yake, Mzuri peke yake. Bendi huvunjika, waimbaji huhama, nambari iliyochapwa haihami. Hasara yake ni kwamba bila daftari hupati kitu. Langu lina mistari ya nambari, bendi, nyimbo mbili, na hali ya santuri. NUTA na wenzake waandike chini ya jina lililo kwenye lebo, halafu daftarini uwaunganishe.

Jambo jingine: nyimbo nyingi za dansi zilikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa pili, na chemko, pale muziki unapochangamka watu wacheze, mara nyingi liko huko nyuma. Weka alama daftarini chemko liko upande gani. Wageni wakija hutahangaika.

Pangani_Santuri: Kabla ya herufi, angalieni zimekaaje. Zangu nilizilaza moja juu ya nyingine juu ya kabati, chini ya bati, miaka minne. Siku niliyozishusha, za chini zilikuwa zimepinda kama chapati iliyoachwa juani. Niliweka moja ikacheza, sindano ikapanda ikashuka kama ngalawa, sauti ya mwimbaji ikayumba nayo. Nililia, sifichi. Na hizo hazinyooki tena kirahisi, msidanganywe na mambo ya kuziweka juani katikati ya vioo.

Zisimamisheni wima, zishikane bila kubanwa, mbali na ukuta unaopigwa na jua. Zile nzito za mzunguko wa 78 zitengeni kabisa, hizo zinapasuka kirahisi. Na sindano yake ni nyingine.

Mwana_wa_Muscat: Za taarabu za mama nimezipanga kama alivyokuwa akizipiga: za alasiri mbele, za harusi nyuma. Mgeni hawezi kuelewa, ila mimi mkono unazijua hata gizani.

BintiMoro: Asanteni sana. Leo nimezisimamisha zote, na daftari nimeanza. Katika kuzitoa nimeona kitu sikuwahi kukiona: kwenye maganda ya karatasi, pembeni, baba aliandika kwa kalamu ya wino alikonunua na tarehe. "Msamvu, 3/9/74." Nyingine ina jina la mama na alama ya kuuliza, mwaka mmoja kabla hawajaoana. Nimeamua kuzipanga kwa tarehe zake. Mbaraka amerudi kutawanyika, na safari hii sina neno. Ila wenye maganda yaliyochakaa, mnayahifadhije wino usifutike?