Kichekesho cha vyeo kwenye sherehe ya kazini: tumcheke nani?

Karani_Mkuu: Wakuu, naombeni ushauri. Nimepewa kazi ya kuandika kichekesho cha sherehe ya wafanyakazi. Nimeanza hivi:

Mkurugenzi akikohoa, ni mkakati.
Meneja akikohoa, ni taarifa.
Karani akikohoa, ni utoro.
Mfagizi akikohoa, hakuna aliyesikia.

Niliowaonyesha walicheka sana, isipokuwa dada wa usafi, ambaye ndiye anayeshika funguo na kutufungulia alfajiri. Aliondoka kimya. Nataka watu wacheke, lakini sitaki mtu yeyote arudi kwake akijiona si kitu. Mstari ule niufanyeje?

Bawaba: Mitatu ya kwanza iache ilivyo. Kikohozi ni kilekile, kinachobadilika ni cheo, na hapo anayechekwa ni yule anayepima watu. Wa nne unamcheka aliyepimwa. Ugeuze: "Mfagizi akikohoa, wote tumesimama nje ya mlango." Ndivyo itakavyokuwa siku akiugua, au siyo?

Mzee_wa_Faili: Kijana, dhihaka nzuri hupiga utaratibu. C. Northcote Parkinson, mwanahistoria Mwingereza, alifanya hivyo mwaka 1955 katika jarida la The Economist. Alichukua hesabu za jeshi la majini la Uingereza: kati ya 1914 na 1928 manowari kubwa zilishuka kutoka 62 hadi 20, huku maofisa wa makao makuu wakipanda kutoka 2,000 hadi 3,569. Meli zinapungua, meza zinaongezeka! Alisema ofisa hupenda kuongeza walio chini yake kuliko kupata mshindani, kisha maofisa hao hupeana kazi wenyewe kwa wenyewe. Hapo hakuna baharia wala fundi anayedhalilishwa, na bado unacheka mpaka leo. Tafuta hesabu ya namna hiyo ofisini kwenu, mathalani saini ngapi zinahitajika ili kununua kalamu moja.

Tausi: Mbona mnamjadili dada wa watu bila yeye? Mwulizeni. Na mishahara msiiguse kabisa, hiyo inaumiza hata ikichekesha.

Karani_Mkuu: Tausi, nimemfuata leo. Kumbe ana mistari yake kuhusu vikao: anajua kipi kiliamua jambo na kipi kiliishia watu kuchora maua pembeni, maana makaratasi yanayoachwa mezani anayaokota yeye. Nimempa nusu ya muda wangu jukwaani, na amekubali.