Kuongeza milio miwili kwenye swichi ya gitaa, na shingo inayonata

MpigaRithimu_Makorora

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Ninapiga gitaa la rithimu katika bendi ndogo ya dansi hapa Tanga. Gitaa langu ni la umeme, umbo la Stratocaster lakini limetengenezwa Asia, na lina pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) tatu za koili moja moja pamoja na swichi ya hatua tano. Ninaomba ushauri wenu katika mambo mawili.

La kwanza ni mlio. Tunapopiga sote, pikapu ya shingoni ikiwa peke yake inamezwa na besi, na ya darajani ikiwa peke yake inakwaruza masikio. Mwenzangu ana gitaa la Telecaster ambalo swichi ikikaa katikati, pikapu ya shingoni na ya darajani hulia kwa pamoja, na mlio huo ndio ninaoutafuta kwa rithimu. Je, gitaa langu linaweza kuutoa bila kutobolewa?

La pili ni shingo. Imepakwa vanishi nene inayong'aa, na msimu huu wa masika, ukumbi ukijaa watu, kidole gumba kinagandia kiasi kwamba kila baada ya nyimbo tatu ninalazimika kuifuta kwa leso. Seremala mmoja amenishauri niikwangue yote hadi mbao kisha niipake mafuta ya nazi. Sina gitaa jingine, kwa hiyo sitaki kuanza kabla ya kusikia kwenu.

FundiRedio_Ngamiani

Marahaba kijana wangu. Nianze na swichi, maana ndiyo kazi yangu. Ya shingo nawaachia wanaojua mbao.

Pikapu tatu zinaweza kuwashwa kwa namna saba: kila moja peke yake, mbili mbili kwa namna tatu, na zote tatu kwa pamoja. Swichi yako inatoa tano tu. Stratocaster ilipotoka mwaka 1954 ilikuwa na swichi ya hatua tatu, na wapigaji ndio waliogundua kwamba ukiikwamisha kati ya hatua mbili unapata pikapu mbili kwa mara moja. Fender, watengenezaji wake, walikuja kuweka hatua tano kiwandani mwaka 1977. Milio miwili iliyobaki ni huo unaoutaka wewe, shingo na daraja, na ule wa pikapu zote tatu.

Huhitaji kubadilisha swichi iliyopo. Toa kitufe kimoja cha toni, weka mahali pake potensiomita (kile kifaa cha kuzungusha kilicho chini ya kitufe) ya kuvuta na kusukuma, ile yenye swichi ndogo chini yake, na iwe ya kiloohm 250 kama iliyotoka. Kisha lehemu waya mmoja kutoka mguu wa swichi inapoingia pikapu ya shingoni hadi kwenye ile swichi ndogo, na wa pili kutoka hapo hadi mguu wa volyumu unaopokea sauti. Ukivuta kitufe, pikapu ya shingoni inawaka popote swichi kubwa ilipo: hatua ya daraja inakuwa shingo na daraja, hatua ya daraja na kati inakuwa zote tatu. Katika hatua nyingine hutasikia jipya. Ukikisukuma, gitaa linarudi kama lilivyokuwa, na huko mbele ukitaka kuondoa kila kitu hakuna tundu litakalobaki. Kabla ya kununua, pima kina cha shimo lililo chini ya plastiki, kwa sababu potensiomita hizo ni ndefu na magitaa mengine ya bei nafuu yana mashimo mafupi. Linganisha pia unene wa shina la potensiomita na tundu lililopo.

Kuna jambo ambalo wengi huligundua wakiwa wameshafunga skrubu. Katika mpangilio wa kawaida wa gitaa hili, toni moja ni ya shingoni, nyingine ni ya kati, na daraja halina toni kabisa. Kwa hiyo mlio wako mpya utatoka bila toni yoyote, na kwa rithimu utakuwa mkali kuliko ulivyotarajia. Dawa yake ni kipande kifupi cha waya upande wa pili wa swichi, kutoka mguu wa toni ya kati hadi mguu ulio wazi wa daraja. Swichi za magitaa ya Asia mara nyingi zina miguu minane iliyopangwa mstari mmoja badala ya pande mbili, basi usikisie: weka mita ya umeme, sogeza swichi hatua kwa hatua, na uandike mguu upi unaungana na upi.

Sasa nenda ukasikilize hatua ya pili na ya nne za swichi yako kabla hujawasha pasi ya kulehemu. Kama zote mbili zina mlio uliojaa, maana yake shingo inakubaliana na kati, na daraja linakubaliana na kati, hivyo shingo na daraja nazo zitakubaliana. Kama moja ni nyembamba na imepoteza besi karibu yote, kuna pikapu iliyofungwa kinyume, na mawimbi yanafutana. Nipe jibu la hilo kwanza.

BintiWaDunda

Kaka yangu wa Makorora, habari za Tanga. Mimi niko Bagamoyo, nako unyevu ni huo huo, na nimeshughulikia shingo kadhaa za aina hiyo. Nakuomba usiikwangue hadi mbao. Shingo hizo kwa kawaida ni za mti wa mepo, na mepo isiyo na kinga hunyonya jasho, huingia weusi usiotoka, na inaweza kupinda unyevu unapopanda na kushuka. Vanishi ndiyo inayoilinda.

Mafuta ya nazi hayafai kabisa, nami nasema hivyo nikiwa mtu wa pwani anayeyathamini. Mafuta ya kitani na ya mti wa tung yakikutana na hewa hugeuka utando mgumu. Ya nazi hayakauki kamwe. Yatabaki majimaji juu ya mbao, yatakusanya vumbi, na hatimaye yatachacha. Utakuwa umeondoa kunata kwa siku mbili na kukaribisha kunata kwa kudumu.

Anza kwa kuisafisha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na tone la sabuni laini, kisha uikaushe. Mara nyingine kinachonata ni jasho la miaka. Ikiwa bado, fungua shingo na ujaribu kwenye kisigino chake, ile sehemu inayofichwa na mwili wa gitaa: weka tone dogo la dawa ya kufutia rangi ya kucha yenye asetoni. Vanishi ikilainika mara moja, ni ya nitroselulosi, na kwayo nenda taratibu sana kwa kuwa ni nyembamba. Isipodhurika, ni poliyesta au poliyurethani, nayo inavumilia kazi.

Kazi yenyewe ni kuua mng'ao tu. Uso unaong'aa ni laini mno, ngozi yenye jasho inaugandia wote. Ukiupa mikwaruzo midogo, ngozi inagusa vilele vyake tu. Chukua msasa wa maji namba 800, halafu 1000, usugue nyuma ya shingo kwa kufuata urefu wake, kamwe si kwa kuzunguka, huku ukifuta ile maziwa nyeupe inayotoka na kuangalia. Dakika kumi zinatosha. Usiguse upande wa freti wala kichwa. Ikikaa miezi na kuanza kung'aa tena kwa mkono wako, rudia kidogo, na ukichoka nayo, dawa ya kung'arishia bodi za magari itaurudisha mng'ao wa zamani.

Watu watakuambia utumie sufi ya chuma namba 0000. Inafanya kazi nzuri, lakini niliwahi kuitumia bila kuifungua shingo, na unga wake wa chuma ukavutwa wote na sumaku za pikapu. Nilikaa jioni nzima nikiuchomoa kwa utepe wa gundi, nywele moja moja. Stiliwaya ya kusugulia sufuria ni kali zaidi, hiyo usiikaribishe kabisa.

BesiMkongwe

Nyongeza ndogo. Ukumbi wenye taa nyingi na umeme usio na ethi (waya wa ardhini) nzuri utakupa mvumo. Katika magitaa mengi ya kisasa pikapu ya kati imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa, hivyo hatua ya pili na ya nne hufuta mvumo. Shingo na daraja haziufuti. Ujue hivyo, usije ukadhani umelehemu vibaya.

MpigaRithimu_Makorora

Nawashukuru sana. Shingo nimeimaliza jana kwa msasa, kisigino hakikudhurika na asetoni, na leo mazoezini sikutoa leso hata mara moja. Dada wa Dunda, Mungu akubariki.

Fundi, nimesikiliza kama ulivyoagiza. Hatua ya nne, kati na shingo, imejaa. Hatua ya pili, kati na daraja, ni nyembamba kama redio ya simu, na nimeizoea hivyo tangu pikapu ya darajani ilipobadilishwa mwaka jana na fundi mmoja. Nilidhani ndiyo tabia yake.

FundiRedio_Ngamiani

Basi umeshajipatia jibu: ya darajani imefungwa kinyume, na ungeunganisha waya mpya leo ungepata mlio mwembamba huo huo. Hiyo pikapu mpya ina nyaya mbili, mmoja unaingia kwenye swichi na mwingine kwenye ethi mgongoni mwa potensiomita. Wabadilishane. Mgongo huo hunyonya joto, hivyo tumia pasi ya wati 40, ukwangue kidogo mahali pa kulehemu, na usiishikilie zaidi ya sekunde chache ukaunguza njia ya ndani.

Ukimaliza yote, kabla ya kufunga plastiki, chomeka kebo kwenye gitaa na upime ncha yake kwa mita, volyumu ikiwa imefunguliwa yote. Pikapu moja itasoma karibu kiloohm 6, mbili kwa pamoja karibu 3, na tatu karibu 2. Ukivuta kitufe katika hatua ya daraja na namba isishuke hadi nusu, waya wa shingoni haujashika.

Ukikwama, niandikie hapa miguu ya swichi yako kama ulivyoipima, kuanzia upande ulio karibu na nyuzi.