Mdogo wangu ana ADHD na kaanza chuo Moshi, tumsaidieje?

Dada wa Rau:
Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19, kaanza chuo hapa Moshi, anaishi chumba cha kupanga. Daktari alishathibitisha kuwa ana ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtu apate shida kutulia, kuzingatia jambo na kupanga muda. Nyumbani mama ndiye alikuwa saa yake, sasa yuko peke yake. Kazi za chuo anazifanya vizuri tu, halafu siku ya kukusanya zinabaki kitandani. Tumemgombeza mpaka basi. Mnaoishi na hali hii mnafanyaje?

Fundi Ngarenaro:
Pole dada. Mimi ni fundi cherehani hapa Arusha na hali hiyo ninayo. Kwanza, tafadhali, acheni kumgombeza. Russell Barkley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeitafiti ADHD miaka mingi, anasema shida si kutojua la kufanya, ni kulifanya unalolijua kwa wakati wake. Kumwongezea nasaha hakumsaidii. Kikumbusho kikae palepale kazi inapofanyikia.

Kwangu mteja akileta kitenge, vipimo na tarehe ya kuchukua naviandika akiwa bado amesimama, kisha karatasi naibana kwa pini kwenye kitambaa chenyewe. Daftari la oda ninalo, ila kinachonifanya nishone ni ile karatasi. Mdogo wako naye, kazi ikiisha, hata iwe saa 8 usiku, iingie begini kabla hajalala, na begi lining'inie kwenye kitasa cha mlango. Atatokaje bila kuligusa?

Muda ndio mgumu zaidi, maana unapita hatuusikii. Mnunulieni saa ya ukutani ya mishale. Kipindi kikiwa saa 2 asubuhi, ahesabu kurudi nyuma: daladala, chai, kuoga. Simu ilie mara mbili: ya kwanza aache anachofanya, ya pili atoke.

Dada wa Rau:
Asante sana. Na kuanza kusoma je? Anakaa na daftari mbele yake, hafungui.

Fundi Ngarenaro:
Akae na mtu, rafiki anayefanya mambo yake tu, bila kumfundisha chochote. Mimi nashona vizuri zaidi mwenzangu akiwa kwenye cherehani ya pili. Na asijiandikie "kusoma uhasibu", aandike "kunakili swali la 1". Dakika 10, apumzike kidogo, arudi.

Mama Soweto:
Nyongeza: kama daktari kampa dawa, asiache wala kubadili dozi bila kumuuliza. Na aende kwa mshauri wa wanafunzi na barua ya daktari sasa hivi, asingoje wiki ya mitihani.