Mjadala: Abayudaya wa Mbale waendelee kupigania muhuri wa Israeli, au wajenge kwao?

Mleta mada

Wakuu, heshima mbele. Kila wakitajwa Abayudaya, yaani Wayahudi weusi wa Uganda, watu hukimbilia kuuliza "hivi ni Wayahudi kweli?" na mada inafia hapo. Leo naomba tuvuke hapo.

Kwa asiyewajua: Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa Uganda ya mashariki. Alitarajia ufalme, hakuupata. Akaingia kwa Wamalaki, dhehebu lililokataa dawa za hospitali, akawa anasoma Biblia kwa jicho lake mwenyewe. Mwaka 1919 akajitahiri, yeye na wanawe. Wenzake wakamwambia hayo ni mambo ya Wayahudi. Akajibu kwamba basi na yeye ni Myahudi. Hakuna aliyetumwa kutoka Ulaya kumhubiria. Ni mzee na kitabu chake, kwenye vilima vya Mbale.

Akafa 1928, jamii ikabaki. Kisha akaja Idi Amin, akapiga marufuku dini yao. Kutoka watu 3,000 hivi, wakabaki kama 300. Wengine waliingia Ukristo au Uislamu, wengine walisali kwa kujificha. Watanzania wenzangu, hapa na sisi tumo: Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo hiyo ndiyo ilikuwa usiku wa kwanza wa Pasaka ya Kiyahudi. Yaani vijana wetu wa JWTZ wanaingia mjini, na kule Mbale usiku unaoingia ni ule wa kukumbuka kutoka utumwani Misri. Ukitunga wewe utaambiwa umezidisha chumvi.

Miaka ya themanini vijana kina Gershom Sizomu na JJ Keki wakahamia kilima cha Nabugoye, wakaishi pamoja, wakajifunza Kiebrania, wakafufua sala. Hela hakuna, rabi hakuna. Kwangu mimi huo ndio ufufuo wenyewe. Mwaka 2002 likaja baraza la marabi wa Konsavativu (tawi la Uyahudi lenye msimamo wa kati) kutoka nje, watu karibu 400 wakazamishwa majini wakatambuliwa rasmi. Mwaka 2008 Sizomu akahitimu urabi Los Angeles, na 2016 akaingia Bunge la Uganda.

Tangu hapo naona habari zao zimegeuka za viza, mahakama na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli. Hoja yangu: jamii iliyomshinda Amin isipimwe kwa muhuri wa afisa wa uwanja wa ndege wa Israeli. Nguvu hizo zirudi Nabugoye. Karibuni.

Mchangiaji, Arusha

Mkuu, umeanza vizuri ukamalizia vibaya. Unamwambia aliyenyimwa haki atulie ajenge kwao?

Sheria ya Kurejea ya Israeli ya 1950, ilivyorekebishwa 1970, inampa uraia hata mjukuu wa Myahudi, awe amewahi kukanyaga sinagogi au hajawahi. Mmarekani aliyeingizwa Uyahudi na rabi wa Konsavativu kwenye jamii inayotambuliwa, anapokelewa. Mtu wa Mbale anayeshika Sabato tangu yuko mgongoni mwa mama yake, anaambiwa nyaraka hazijakaa sawa. Mwanzoni mwa 2021 Mahakama ya Juu ya Israeli ilimkatalia uraia kijana wa Abayudaya kwa hoja kwamba aliingia Uyahudi 2008, kabla jamii yake haijatambuliwa. Wakati huo huo vijana 40 wa jamii hiyo walishapelekwa 2018 kwenye ile ziara ya bure ya kwenda Israeli ya vijana wa Kiyahudi duniani. Yaani kutembea ni Wayahudi, kuishi si Wayahudi. Tuite rangi kwa jina lake.

Mchangiaji, Toronto

Rangi imo, sikatai. Ila ukiishia hapo umeacha nusu ya mambo.

Ndoa na talaka za Wayahudi ndani ya Israeli ziko mikononi mwa Waorthodoksi, Wayahudi wa msimamo mkali wa sheria za dini, na hao hawautambui wongofu wa Konsavativu hata ukiwa mweupe pe. Mahakama ya Juu ilikubali Machi 2021 tu kwamba wongofu wa Konsavativu na wa Marekebisho (tawi la Kiyahudi lililo huru zaidi) uliofanyika ndani ya Israeli unampa mtu uraia, na wanasiasa wa kidini wakapiga kelele siku hiyo hiyo. Abayudaya wameingia katikati ya ugomvi wa nyumba ambayo hawakuijenga.

Na wamegawanyika wenyewe. Kundi la kijiji cha Putti lilijitenga na Nabugoye, likachagua njia ya Orthodoksi. Jamii ya watu wapatao 2,000, tayari ina pande mbili!

Tena tazameni Wayahudi wa Ethiopia. Rabi Ovadia Yosef, mmoja wa Marabi Wakuu wa Israeli, aliwatambua 1973, ndege zikawafuata 1984, na 1991 wakabebwa zaidi ya 14,000 ndani ya saa 36. Wale wa 1984 walipofika, ofisi ya Rabi Mkuu ikawataka wazame majini upya kana kwamba ni wageni wa dini. Mwaka 1985 wakaandamana Yerusalemu. Kwa hiyo hata muhuri ukishaupata, kuna dirisha jingine mbele.

Mchangiaji, Eldoret

Kidogo nje ya mada: ule "mpango wa Uganda" wa 1903, Waingereza walipotaka kuwapa Wayahudi nchi, ardhi yenyewe haikuwa Uganda. Ilikuwa hapa kwetu Uasin Gishu. Wakaikataa 1905. Huwa nawaza bei ya shamba ingekuwaje.

Nikirudi: sinagogi la Nairobi liko pale katikati ya jiji tangu 1913. Hakuna anayewauliza wale kama ni Wayahudi. Lakini wenyeji wamepungua sana, na wanaokuja kusali wengi ni watu wa ubalozi na kampuni, mkataba ukiisha wanaondoka. Mbale hawana karatasi, wana watoto. Mngechagua lipi?

Mchangiaji, Mbale

Jameni, mimi ni Mkristo ila ni jirani yao, niseme ninachokiona.

Hawashindi kutwa wakiililia Israeli. Ijumaa jioni utasikia gitaa na ngoma kilimani, Zaburi zinaimbwa kwa Kiganda na Kiebrania, watoto wetu na wao wanacheza nje. Shule zao zinasomesha wa dini zote. Keki alianzisha ushirika wa kahawa 2004, wakulima Wayahudi, Waislamu na Wakristo wanauza pamoja, jina lake Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Mizani haiulizi dini.

Shida wanazozisema wenyewe mkikaa nao ni nyingine. Ya kwanza ni ndoa. Huku kwetu huoi mtu wa ukoo wako, na wao wanataka Myahudi mwenzao. Ukiondoa ukoo, ukaondoa jamaa za mama, kwenye vijiji vile unabaki na nani? Kijana anaoa nje, mke akikubali dini vizuri, asipokubali nyumba inaondoka. Ya pili ni kazi: akimaliza shule anakwenda Kampala, na huko Sabato na mwajiri haviendi pamoja. Ya tatu ni wageni wa Marekani. Wanaleta hela, asante sana, sinagogi jipya la 2016 ni msaada wao. Lakini mgeni akibadilisha mawazo, mradi unakauka. Hapo ndipo mngewauliza maswali.

Mleta mada

Ndugu wa Mbale umenisaidia kuliko ningejisaidia. Ndoa, kazi, kutegemea wageni: hakuna hata moja kati ya hayo linalotatuliwa na wizara ya Israeli. Anayetaka kuhamia aende mahakamani, ni haki yake, na wa Arusha yuko sahihi kuona ubaguzi. Ninachokataa ni viongozi kuifanya kesi hiyo ndiyo kipimo cha jamii nzima.

Mchangiaji, Arusha

Mkuu, unatenganisha vitu visivyotengana. Huo ufufuo unaousifu, rabi wake kasomea wapi? Los Angeles, kwa viza. Desemba 2017 Mkenya kutoka jamii ndogo ya Kiyahudi ya Kasuku alikwenda Yerusalemu kusoma dini. Viza anayo, mwaliko anao. Alizuiliwa uwanja wa ndege wa Ben Gurion, akarudishwa. Hakuwa anahamia, alikuwa anakwenda darasani ili aje awafundishe kwao.

Sasa wewe unayesema wajenge Nabugoye: rabi ajaye akizuiliwa mlangoni hivyo, atakayewafundisha hao watoto atatoka wapi?