Mrejesho: Uhandisi wa kompyuta au teknolojia yake?

Wadau, niliwauliza nisome uhandisi wa kompyuta au teknolojia ya uhandisi wa kompyuta. Asanteni, hata mlionicheka.

Nimechagua teknolojia. Mjomba amenuna mpaka leo. Lakini uhandisi ni miaka 5, kozi ya teknolojia niliyoitiwa ni 4, na karo ya mwaka huo mmoja ingemtoka mama, anayeuza mboga soko la Muthurwa, Nairobi. Halafu nadharia na hesabu za uhandisi hunichosha. Nipe kompyuta iliyokufa na bisibisi, nitakesha.

Aliyesema wanateknolojia hawasajiliwi alinitia baridi bure. Hapa Kenya wahandisi wana bodi yao ya usajili, EBK, na wanateknolojia wana yao, KETRB, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Ila kuitwa "Injinia" nisahau kwanza. Hilo limeniuma kidogo, sidanganyi.

Naripoti chuoni Septemba.